Redio na Habari za Bwana Koti

Redio halikuwa jina lake. Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho na hakuna aliyelitumia. Sisi wa chumba cha kufulia cha hospitali tulimwita Redio kwa sababu akiwaka asubuhi hazimiki mpaka jioni, na hata ukimzima kwa ukali, kama nilivyojaribu mimi mara nyingi, alikuwa na betri zake mwenyewe. Mimi waliniita Pilipili. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Chumba chetu kilikuwa chini kabisa ya jengo, chenye madirisha ya juu ambayo kupitia kwayo uliona viatu vya wapita njia tu. Kulikuwa na mashine za kufulia, ya kukamulia, na ile mashine ndefu ya kupigia pasi, yenye rola za moto. Kazi yangu ilikuwa kuilisha mashuka upande huu. Yakitoka upande wa pili yamenyooka, yanachoma vidole, na yanataka watu wawili. Kila mmoja anashika ncha zake, wanalivuta shuka likaze, wanalikunja kwa urefu, kisha wanaendeana mpaka mikono inakutana. Mmoja anachukua ncha zote, mwingine anainama kuokota mkunjo, wanakutana tena. Kwa kelele za mle ndani, mtu aliyesimama mbali nawe kidogo humsikii. Basi Redio alizoea kuhadithia pale mikono inapokutana. Anasema sentensi moja, wanaachana, wanalivuta shuka, wanakutana, anasema nyingine. Hadithi zake zilikuwa na mikunjo kama mashuka yenyewe.

Aliyekunja naye alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Redio ndiye aliyemtafutia kazi ile, na hakumwacha asahau. "Wifi," angemwambia, "leo umemuunguzia nini ndugu yangu?" Naye wifi, mwanamke wa maneno machache, angejibu, "Nimemuunguzia alichofundishwa kula na dada yake." Hapo Redio angecheka mpaka shuka likagusa sakafu, nami ningefoka, kwa sababu shuka likigusa sakafu linarudi kufuliwa.

Huyo mdogo wake alikuwa fundi bomba, mtu wa mzaha hata msibani. Mama yao aliwaacha wadogo. Baba alikwenda kutafuta kazi, na nadhani anaitafuta mpaka leo. Redio alimlea mdogo wake naye mwenyewe bado wa kulelewa. Aliniambia siku moja kwamba kutunga alianza wakati ule. Mtoto alikuwa akimlilia mama, na yeye hakuwa na mama wa kumpa, alikuwa na maneno tu.

Kisha figo za yule kijana zikaharibika. Alilazwa wodi ya juu, juu kabisa ya vichwa vyetu. Siku ya kwanza Redio alipanda kumwona. Alipouona ule uso uliovimba mpaka macho yamebaki mistari, alilia kwa kwikwi, na nesi akamshika mkono akamtoa nje. Kesho yake mgonjwa akamtuma mkewe: "Mwambie dada, akija na kilio abaki hukohuko. Huku kilio tunacho cha kutosha. Alete habari."

Redio hakupanda tena. Alisema manesi wanaruhusu mtu mmoja tu jioni, na mwenye haki ni mke. Nikamwambia, "Sema kweli. Unaogopa."

"Pilipili, kuogopa si dhambi."

"Si dhambi, lakini yule ni ndugu yako."

Alinigeuzia mgongo akaenda kupanga foronya. Lakini asubuhi iliyofuata, walipokutana kwenye shuka la kwanza, alimwambia wifi yake, "Sikiliza hii, umpelekee."

Ndipo alipozaliwa Bwana Koti.

Bwana Koti alikuwa mtu asiye na mbele wala nyuma aliyeazima koti la kwendea harusini. Harusi ikaisha, akaenda kulirudisha, akakuta mwenye koti kahama. Akaelekezwa mtaa wa pili, huko nako akaelekezwa kwingine. Basi akawa anatembea mji hadi mji na koti la watu, na kila mlango anaobisha, watu wakiliona lile koti wanampa cheo. Kwenye shule wakamdhania mkaguzi, walimu wakaanza kutetemeka. Kwenye nyumba moja wakamdhania mkwe aliyetoroka, wakamfungia ndani akatoka kwa dirisha. Kwenye kijiji kimoja alizindua daraja, akakata utepe, akatoa hotuba, halafu akauliza taratibu kama kuna anayemjua mwenye koti.

Jioni wifi alipanda na habari hizo, na asubuhi alishuka na maagizo. Maana mgonjwa naye hakuwa mtu wa kukaa kimya. "Mwambie dada, huyo bwana hajala tangu Jumatatu. Anatembea tu! Ampikie." Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa hapitishi chakula kooni. Redio akamwandalia Bwana Koti karamu iliyochukua asubuhi nzima, mashuka yote ya wodi ya wazazi, na wifi alisema kwamba juu walimcheka mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini. Siku nyingine: "Mwambie dada, koti halina mifuko? Tunataka kujua mifukoni mna nini." Hapo Redio alikwama siku mbili, akawa mkali kuliko mimi.

Mimi si mtu wa hadithi. Lakini nitakiri kwamba nilianza kupunguza mwendo wa rola ili nisikie. Msimamizi akiuliza, nasema moto haujapanda.

Siku zikaenda, na maagizo yakawa mafupi. Madaktari walimwambia wifi kwamba waliyokuwa nayo wameshayafanya. Hakulia. Alirudi kazini, akashika ncha zake, na walipokutana nikamsikia akisema, "Wifi, huyu mtu asimpate mwenye koti. Akilirudisha, mimi nitampelekea nini mume wangu?"

"Hampati," Redio akasema. "Dunia ni kubwa na mimi ndiye ninayemwelekeza njia."

Agizo lililofuata lilikuwa hili: "Mwambie dada koti ni zito. Amtafutie mahali akae." Redio aliligeuza lile neno kinywani muda mrefu. Kisha akamkalisha Bwana Koti kwenye ngazi za nyumba ya watu, akamletea maji, akamwacha apumzike, na siku ile hakumwinua.

Sasa nieleze jinsi tunavyopokea mashuka ya marehemu. Yanashushwa peke yake, kwenye mfuko uliofungwa fundo, na yanafuliwa mwisho. Hatuulizi ni ya kitanda gani. Ni adabu yetu ya kazi, hakuna aliyeiandika. Vitu vya mtu binafsi havishuki kwetu. Wanapewa jamaa zake. Lakini asubuhi moja mhudumu wa zamu ya usiku, kwa kuchoka au kwa uzembe, alikusanya kila kilichokuwa kitandani akakisukuma mfukoni. Redio ndiye aliyekuwa mezani anachambua. Alifungua fundo, akavuta, likatoka blanketi la kahawia lenye alama ya pasi pembeni.

Niliona alama ile na sikujua maana yake. Yeye alijua. Alikuwa ameliunguza mwenyewe, nyumbani kwake, akalipeleka kwa mdogo wake kwa sababu aliona haya kulitumia kwa wageni. Alilishika, akalikunja dogo, akaliweka chini kabisa ya kikapu, akalifunika na taulo. Kisha akanitazama na kuweka kidole kimoja mdomoni. Hapo nikaelewa.

Wifi alikuwa anaingia wakati huohuo, anafunga aproni. Simu tuliziacha kabatini kwa sababu ya maji, kwa hiyo kama kulikuwa na aliyepiga, hakuna aliyesikia. Akaosha mikono, akaenda mahali pake upande wa pili wa mashine, akasubiri shuka. Nami nikalisha shuka. Mpaka leo sijui kwa nini. Mikono ilikuwa inataka kufanya kitu.

Walishika ncha, wakavuta, wakaendeana. Mikono ikakutana.

"Ehe," wifi akasema, "ameinuka pale kwenye ngazi?"

Redio alifungua mdomo. Wakaachana, shuka likakaza, wakakutana.

"Wifi, leo yuko wapi?"

Yule mwanamke, ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, alisimama na ncha za shuka kifuani huku midomo ikimchezacheza. Alikuwa amejikaza kisabuni tangu alipofungua lile fundo, na sasa sabuni ilikuwa imeisha. Wifi alimtazama. Alitazama uso, akatazama mikono, akatazama kikapu mezani, akarudi usoni. Nikazima mashine. Ukimya wa chumba kile ulikuwa kitu kigeni, hata matone ya bomba yalisikika.

"Saa ngapi?" wifi akauliza.

"Sijaambiwa na mtu. Nimeona blanketi."

"Shika vizuri," wifi akasema. "Litagusa chini."

Wakalimaliza lile shuka. Wakalikunja ncha kwa ncha, wifi akalibeba mpaka kwenye rundo, akalilaza, akalisawazisha kwa kiganja mara mbili tatu. Halafu akakaa chini sakafuni, na kilio alichokitoa sitaki kukisikia tena maisha yangu. Redio akamwangukia. Nami Pilipili, niliyemwambia mtu kwamba ni mwoga, nilisimama nyuma ya mashine yangu nikalia ndani ya foronya.

Baada ya mazishi Redio alirudi kazini, wifi akabaki nyumbani na msiba wake. Redio alizima. Alifika, akafanya kazi, akaondoka. Nilikuwa nakunja naye mimi, mtu mwingine akilisha rola, na mikono yetu ilikutana mara mia bila neno. Nilimchokoza: nikamsifia adui zake, nikaliangusha shuka makusudi. Aliliokota akalirudisha kwenye maji. Nilikuwa nimeomba miaka yote mwanamke huyu anyamaze, na sasa nilikuwa tayari kumlipa aseme upuuzi wowote.

Ikabaki mizigo ya marehemu wodini: kandambili, kikombe, kichana. Wifi alisema ngazi zile hawezi kuzipanda tena. Redio akavua aproni yake. "Twende wote," akaniambia, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa siku hiyo.

Wodini, kitanda kilikuwa tayari na mtu mwingine. Hospitali haina uvumilivu. Redio alisimama mlangoni akakitazama, na nikadhani atageuka kama ile mara ya kwanza. Nesi akatupa mfuko wa nailoni wenye vile vitu. Tulikuwa tunaondoka pale mzee wa kitanda cha jirani, mguu wake umefungwa plasta, alipoita: "Samahani, mama. Wewe ndiye dada mwenye habari?"

Redio akaitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa nakusubiri. Mke wake akiondoka jioni, sisi tulikuwa tunamwambia aongeze. Naye alikuwa anaongeza. Sijui kama ulijua."

"Sikujua," Redio akasema.

"Alikuwa anaongeza vyake. Usiku ule wa mwisho alimwinua yule bwana pale kwenye ngazi. Kasema, akabisha hodi nyumba moja, akamkuta mwanamke anahangaika kukunja shuka peke yake, shuka kubwa, huku anakamata, huku linaponyoka. Bwana Koti akangoja kuulizwa, wewe ni nani, mkaguzi, mkwe, nani. Maana wote walimuuliza. Huyu mama hakuuliza kitu. Alimwambia tu, 'Shika huko.' Basi akashika."

Redio alikuwa ameushika ule mfuko kwa mikono miwili. "Halafu?"

"Wakakunja. Akasema walikunja mashuka mengi, na koti halikumsumbua, alilivua akaliweka kwenye kiti."

"Halafu?"

Yule mzee aliangalia upande wa kile kitanda cha marehemu, ambako mgonjwa mpya alikuwa amelala kafunika uso. "Halafu akasema koo limemkauka, atamalizia asubuhi. Akageukia ukutani, akalala."

Redio alivuta kigoda cha wageni, akaketi karibu na kitanda cha mzee yule, akaweka mfuko mapajani. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila kwikwi, na nesi aliyekuwa anapita alimwona akamwacha.

"Hebu nianzie tena, baba," akasema. "Pale alipobisha hodi."

Kazi ilikuwa inatungoja chini. Nikatafuta kigoda kingine, nikakaa. Mzee akajikohoza, akaanza tena.