Siku Niliyomfungulia Mama Nyaboke Mlango

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, kazi yangu ya kwanza ya maana nyumbani ilikuwa kumlinda ndugu yangu asionwe na watu. Onchari alikuwa na siku tano tu duniani. Alikuwa mvulana wa kwanza wa mama baada ya wasichana watatu, tena mweupe hata mishipa ya kichwani ilionekana. Kwetu, juu ya kilima karibu na Nyaramba, mtoto mweupe ndiye wa kuhofiwa. Wapo watu wenye macho. Wakimtazama, nyuzi na vijitaka vilivyo karibu humwingia mwilini, akakataa ziwa, akafa. Tunaita ebibiriria. Jumamosi tulikwenda kanisani kama Wasabato wema, na siku zote saba za wiki tulimfunika mtoto.

Mwenye macho wa kijiji chetu alikuwa jirani yetu Mama Nyaboke, mjane mpole. Kila mwanamke akijifungua, yeye humpelekea uji wa wimbi, na uji huo humwagwa akishatoka. Hakuna aliyeweza kutaja mtoto aliyemdhuru. Ilisemwa tu, na lisemwalo lipo.

Mchana huo magokoro, bibi yetu, alikwenda kuchuma chinsaga, mboga chungu inayompa mzazi maziwa. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akioga. Nikawekwa mlangoni.

"Kemunto," magokoro alinionya, "mtu yeyote akija, mtoto amelala. Hata akiwa mchungaji."

Akaja Mama Nyaboke na ndizi mbivu. Sitajipamba hapa: nilipenda ndizi, nikafungua.

Alifunua shuka kidogo. Akaweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso la Onchari, kisha akainama na kunusa kitovu, kama mtu anayenusa maziwa anayoyatilia shaka.

"Amenyonya leo?"

"Anakataa tangu jana."

"Huyu ni moto sana, na kitovu kinanuka. Mwambie mama yako ampeleke hospitali leo, si kesho. Umesikia, mwanangu? Leo."

Akaniachia ndizi, akatoka upesi, maana alijua akikutwa mle ndani patachimbika. Mimi nikala tatu, nikatupa maganda migombani, nikanyamaza.

Jioni kilio cha Onchari kilikuwa kimekuwa chembamba. Magokoro akaziona ndizi zilizobaki. Akauliza nani ameingia, nami nikamtaja. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Mama akanishika mabega.

"Alisema nini? Kemunto, alisema nini?"

Nilijua nikirudia maneno yale nitaulizwa kwa nini niliyakalia tangu mchana. Niliogopa kuchapwa, basi.

"Hakusema kitu," nikajibu. "Alimwangalia tu."

Ikatolewa samli. Magokoro akampaka Onchari mwili mzima, hata kitovuni, akamsugua polepole, maana hivyo ndivyo nyuzi zilizomwingia mtoto hutolewa. Kila alipofungua kiganja, tuliona nyuzinyuzi zimenasa kwenye mafuta. "Zinatoka," alisema, na mama akamshukuru Mungu. Zilikuwa nyekundu, rangi ya blanketi alilolalia. Hata mimi mtoto niliona, lakini nani angenisikiliza siku hiyo? Kesho yake wakampaka tena. Alfajiri iliyofuata alikuwa amekwisha kupoa. Baba alikuwa akikamua ng'ombe wa watu Nyansiongo, na alipofika, mwanawe alikuwa tayari ardhini kando ya migomba.

Kijiji kizima kilijua aliyemuua. Mama alimlaani Mama Nyaboke njiani, mbele ya watu, na yule mjane akainamisha kichwa, akapita. Mimi niliamini nilimuua ndugu yangu kwa kufungua mlango. Nilikaa miaka mingi bila kuonja ndizi mbivu, na nilidhani hakuna mzigo unaoushinda ule.

Mwaka jana nilijifungua binti. Siku ya sita akakataa ziwa, akawa moto, kitovu kikanuka. Nilikimbia naye hospitali mjini Kisii. Muuguzi alimgusa paji la uso, akainama kwenye kitovu, akaniambia bakteria wamepitia hapo hadi kwenye damu. "Umefanya vizuri kumleta leo," alisema. "Kesho ingekuwa mambo mengine." Mtoto alichomwa sindano siku nyingi, akapona. Nililia kwenye benchi la wodi mpaka muuguzi akadhani ni furaha.

Mlango haukuwa kosa langu. Mlangoni nilimwingiza mtu pekee aliyejua ugonjwa ule, kisha nikayameza maneno yake pamoja na ndizi zake.

Siku hizi Mama Nyaboke anauza ndizi katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, kati ya watu wasiomjua. Nilimkuta ameketi kwenye gunia, mzee sana. Nilijitambulisha, nikamfunua binti yangu nimpakatishe. Akageuza uso, akafumba macho.

"Mfunike, mwanangu. Mimi siangalii watoto wa watu."

"Mama, ulisema apelekwe hospitali. Ulisema leo. Sikumwambia mtu."

Alipapasa ndizi zake, macho yamefumbwa vilevile.

"Nami miaka yote nilijua mlisikia mkapuuza," akasema. "Nimemchukia mama yako bure."

Nilimsihi amtazame mtoto, mara moja tu. Hakumtazama. Nilimfunika binti yangu, nikanunua ndizi, nikashindwa kuzila.

Mama yangu yu hai. Nikimpelekea mjukuu humfunika wageni wakiingia, na bado halitaji jina la Mama Nyaboke bila kutema mate. Hajui kwamba mwanawe angeweza kupona, wala kwamba aliyeficha dawa ni mimi. Kila nikipanda kilima kile najiambia nitamwambia leo, si kesho. Kisha namwona anavyomlaza mtoto kifuani, naahirisha tena.