Uji Niliomtilia Mama Dawa

Baada ya miaka ishirini ya kuzurura nchi nzima, nilirudi kijijini kwetu Nambis kumuuguza mama, nikijiona daktari. Alikataa vidonge alivyopewa zahanati kwa homa yake. Basi kila asubuhi nilivisaga kimyakimya kwenye uji wa ulezi, ule wa utoto wangu, nikamwachia kikombe na kwenda kukata majani ya ng'ombe. Nikirudi, kikombe kitupu! Nikamtambia muuguzi wa zahanati.

Siku ya tano akaja kumpima mama. Homa ileile. Jirani yetu mzee alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Shikamoo, mzee," nikamsalimu.

"Marahaba. Uji wako mchungu, mwanangu, ila kikohozi changu kimekwisha."

Nikamgeukia mama.

"Mgeni akija kila asubuhi, mimi ninywe peke yangu? Nilikufundisha hivyo?"

Muuguzi akaniuliza, "Haya, daktari, mgonjwa wako ni yupi?"