Fungu la Samaki Lililonistaafisha Tumbe

Nakwambieni mapema: kwenye haya ninayosimulia mjinga ni mie, msihangaike kumtafuta mwingine. Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na sita, darasa la saba, bila kiinua mgongo. Lakini mstaafu ni mstaafu. Basi nyie wadogo zangu mnaoanza kazi hizi za simu, kaeni niwahadithieni.

Siku ya kwanza kazini, Bi Meneja, mama mmoja kutoka bara, alinikabidhi kontena la barafu pale diko la Tumbe, madeli ya kuwekea samaki, na simu. Diko ndipo samaki wanaposhushwa na kunadiwa. Kila deli lina kidude ndani kinachopima baridi. Joto likipanda, simu inapiga kelele. Mchuuzi aliye Wete au Chake anaona kwenye simu yake leo kuna vibua kiasi gani, anaagiza, gari inapakia. Zamani walikuja kwa kubahatisha, na samaki wengine walikuwa wameshachina, yaani washaanza kuharibika, hata Konde hawajafika.

"Kazi yako ni moja," Bi Meneja akaniambia. "Kwenye samaki walioharibika nataka kusoma sifuri. Wakiendelea kubaki, kontena tunalihamishia Wete, na wewe hatuna pa kukupeleka."

Mie mtoto wa Konde, samaki namjua akishaungwa. Nikapanga chumba kwa Bi Tatu, mjane, watoto wake wako Unguja na hawapigi hodi. Kila usiku ananipa sahani: wali, mchuzi wa samaki, na maneno. Tulicheka sana nyumba ile.

Sasa pale diko kulikuwa na jambo likiniudhi. Mnada ukiisha, dalali, Mzee Faki, anaacha fungu moja la samaki juu ya jamvi. Halinadi. Anajifuta mikono, huyo, kaondoka. Na kwenye simu kuna sehemu mbili tu za kujaza: waliouzwa na walioharibika. Nikajisemea, huyu mzee ndiye atakayenimaliza.

"Shikamoo Mzee Faki. Hili fungu vipi?"

"Marahaba. Liache."

"Niliache lichine?"

"Yakhe, weye umekuja kupima barafu. Pima barafu."

Watu wakacheka. Mie nikalipiga picha lile fungu, nikalitia kwenye simu, mchuuzi wa Gombani akalichukua papo hapo. Pesa zikaenda kwa wavuvi. Sifuri! Kesho yake, sifuri tena. Bi Meneja akanipigia kunisifu mpaka nikaona haya.

Tangu hapo diko likapoa kwangu. Mie niliyezoea kuwachekesha, sasa nikitia neno wanatazama pembeni. Kahawa ikizunguka, kikombe hakinifikii. Nikawa nazungumza na kontena: linanguruma, naliitikia. Sahani ya Bi Tatu nayo ikabadilika, wali na mchuzi mtupu.

"Bi Tatu, samaki wamegoma leo?"

"Kula, mwanangu."

"Na mpangaji wako ndiye bwana samaki! Nikuagizie kwenye simu?"

Akainama, akasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Mie huwa nafunga kabla ya alasiri. Siku moja nikarudi kufuata chaja. Nikakuta wanawake watu wazima wamekaa karibu na jamvi, kila mmoja na kikapu kidogo chini ya kanga. Wale wasio na mume wala mtoto baharini. Jamvi halina kitu. Waliponiona wakainuka mmoja mmoja, kama watu waliokuwa wanapumzika tu. Wa mwisho alijifunika uso. Lakini kanga ile naijua, kila siku naiona kwenye kamba uani nilikopanga.

Chaja sikuichukua.

Kesho yake fungu nililiacha, tena nikalimwagia barafu kabla ya kufunga. Simu ikaona waliopimwa ni wengi kuliko waliouzwa, ikawa nyekundu. Siku ya pili yake nyekundu. Bi Meneja akaja na gari.

"Hawa samaki wamekwenda wapi?"

Ningemwambia wanapewa watu, angetaka majina, na picha wakipokea. Si mtu mbaya, ndiyo kazi yake. Na wanawake wale walikuwa wanangoja mpaka hata mpumbavu mie nimefunga mlango ndipo waje.

"Wamechina," nikasema.

"Na barafu yote hii?"

"Uvivu wangu, Bi Meneja."

Kontena likabaki, mie nikaondoka. Nikiwa nimeshafunga begi ndipo akili ikanijia, nikamnong'oneza Mzee Faki: fungu lile litengeni kabla samaki hawajapimwa, simu haitalijua. Mnaona? Ningewaza hivyo mapema ningekuwa kazini hadi leo.

Sasa nauza vocha Konde. Wapitao hunitania, "Bwana Mchina, hujambo!" Nacheka nao. Kisha wanapanda magari yao, nabaki na kibanda, na hiki hata hakingurumi.

Juzi Bi Tatu akashuka kwenye gari, akaja moja kwa moja kibandani mbele za watu wote. Vocha hakununua, simu hana.

"Ati wanasema uliozesha samaki," akasema, wala sauti hakuipunguza. "Mie nawaambia waongo. Samaki wale nimewala mie, na walikuwa wazima."