Radio ya Wakuna Muhogo Yagoma Kumezwa

Kahawa haijachemka, lakini Teódula Norales ameshafungua kipaza sauti na ameshaanza kugombana.

“Nyie wanawake hapo nje, kuneni polepole! Nasoma majina ya wagonjwa hapa!”

“Wasomee kwa sauti, shangazi!” anajibiwa kupitia dirishani. “Muhogo haujui kunong’ona!”

Kicheko kinalipuka. Kila mwenye redio kijijini Punta Cocal amesikia yote hayo, maana hakuna aliyekumbuka kuzima chochote. Teódula, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, naye anacheka, anajifuta macho kwa pindo la kanga ya kichwani, kisha anaendelea na wagonjwa wake.

Hii ndiyo Radio Egi. Egi ni ubao wa kukunia muhogo, na studio yenyewe ni chumba cha nyuma cha nyumba ambamo wanawake wa kijiji hiki cha Wagarifuna, pwani ya kaskazini ya Honduras, hutengeneza ereba, mkate wao wa muhogo. Kuta zimebandikwa magunia ili kupunguza kelele. Hayapunguzi kitu.

Pembeni ya Teódula ameketi Celestino Batiz, baharia mstaafu mwenye sauti nzito na mdomo usio na breki. Wanapokezana. Hawapokezani kwa mapenzi tu, ni lugha inayowalazimisha. Katika Kigarifuna cha wazee, mwanamke akitaka kusema “mimi” husema “nuguya”. Mwanamume husema “au”. Na si neno hilo peke yake.

“Lugha yetu ina mlango wa wake na mlango wa waume,” anasema Teódula. “Nyumba ni moja. Sasa wewe ukiziba mlango mmoja, wengine wapite wapi? Dirishani?”

Neno hilo moja, nuguya, ndilo lililomtoa kazini.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtangazaji wa redio ya mjini, mali ya mfanyabiashara wa hapo hapo pwani. Mzee huyo alikuwa mkali, tena bahili, lakini alikuwa anajulikana nyumba yake. Ukikosewa, unamfuata barazani unamwambia. Kisha huko mji mkuu kampuni mbili kubwa zikaungana, moja ya televisheni na redio, nyingine ya magazeti. Zikajiita Onda Mayor na kuanza kununua redio za pwani kama mtu anavyookota madafu yaliyoanguka. Ya mzee ikaokotwa pia.

“Wao walioana kule mjini,” anasema Celestino, “mahari tukatolewa sisi.”

Mabadiliko hayakuchelewa. Redio zote za pwani zikaanza kusema habari zilezile, kwa sauti ileile, kwa Kihispania. Saa mbili za Kigarifuna zikawa dakika chache za kanda iliyorekodiwa mbali. Ili kubana matumizi, mtangazaji akawa mmoja kwa pwani nzima: kijana Mgarifuna aliyelelewa mji mkuu, msomaji mzuri, ambaye lugha ya bibi yake aliisikia kwenye sikukuu tu. Kazi ya Teódula ikawa kumwandikia maneno.

Na hapo, anakiri, aliteleza. Hakuuliza nani atasoma. Aliandika kama anavyoongea.

Asubuhi moja pwani nzima ikasikia sauti nene ya kiume ikitangaza kwa madaha: “Nuguya ndiye rafiki yenu, nuguya ndiye mtu wenu wa kila siku!” Loo! Wavuvi waliacha nyavu. Kijana wa watu akabatizwa Doña, yaani Bibi kwa Kihispania, papo hapo, na mpaka leo akija likizo huitwa hivyo.

“Mimi nililia,” anasema Teódula bila kuficha. “Wote walicheka, mimi nililia. Kwa sababu si kosa lake wala langu. Mdomo mmoja hauwezi kusema Kigarifuna. Kidole kimoja hakivunji chawa.”

Aliomba aongezwe mtangazaji wa pili. Ofisi ikajibu kwamba Kigarifuna kinaleta usumbufu, kikafutwa kabisa. Yeye akapewa kazi ya kusoma matangazo ya simu, kwa mshahara uleule wa lempira elfu tisa za Honduras kwa mwezi. Akasoma wiki moja, akarudisha ufunguo wa kabati, akapanda basi kwenda nyumbani. Siku hizi kipato chake hakifiki nusu ya pale, na kingi kinatoka kwenye ereba anayouza.

Mtambo wa Radio Egi ulinunuliwa kwa michango ya wanakijiji na ya ndugu zao wa New York. Kila aliyechanga ana hisa, naye ni mwenye redio. Lakini chumvi ya bahari haina adabu: mlingoti wa kurushia mawimbi umeliwa na kutu, na msimu wa vimbunga unakaribia. Hapo ndipo Onda Mayor waliporudi, safari hii wakitabasamu.

Jumapili iliyopita mjumbe wao, bwana Ledezma, aliketi mbele ya mkutano wa kijiji akiwa na shati lililopigwa pasi na maneno matamu. Wauze redio, nao watapata mlingoti mpya wa chuma.

“Na Kigarifuna kitarudi,” aliahidi. “Atasoma mama huyu, Doña Teódula mwenyewe. Mshahara mara mbili ya ule wa zamani.”

Kila mtu alijua paa la Teódula linavuja mpaka kitandani. Orfilia Guity, mweka hazina, ndiye aliyesimama kwanza.

“Dada Teo, chukua,” alisema. “Mlingoti ule ukianguka hatuna redio, tuna kiburi tu. Kiburi hakishiki mawimbi.”

“Orfilia anasema kweli,” Teódula alijibu huku akisimama. “Mlingoti ni mbovu, na paa langu nalijua, mimi ndiye ninayelala chini yake. Lakini baba, unaninunua nusu. Celestino atakaa wapi?”

“Tuna nafasi ya mtu mmoja,” alisema Ledezma kwa upole.

“Basi mtampata Doña wa pili, huyu wa kusema ‘au’!” Celestino alipaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

Teódula hakucheka. “Nilishauzwa mara moja bila kuulizwa,” aliwaambia. “Leo nimeulizwa. Nguo ya kuazima haisitiri matako, jamani. Mimi siuzi.”

Mikono ya kukataa kuuza iliinuka, mmoja baada ya mwingine. Wa Orfilia ulikuwa wa mwisho, ukiambatana na msonyo mrefu, lakini uliinuka. Kisha wakapitisha sharti jipya: hisa ya Radio Egi hurithiwa au hurudishwa kijijini. Haiuzwi.

Kuhusu mlingoti, mafundi wa mashua wameshaanza kukata miti ya kuuegemeza mpaka chuma kipatikane. Wakinamama wameongeza siku ya kuoka ereba. Na vijiji viwili vya jirani vimetuma watu kuja kujifunza kuanzisha redio zao, mwanamke na mwanamume kutoka kila kijiji. Hilo ndilo linalomfanya Teódula aongee haraka haraka.

“Sitaki tuwe wakubwa,” anasema. “Tukiwa wakubwa tutawameza wenzetu. Nataka tuwe wengi.”

Simu ya studio inaita. Celestino anaipokea, anasikiliza, anakonyeza jicho.

“Mwenye redio? Ndiye mimi.” Anasikiliza tena. “Doña Teódula? Na yeye ni mwenye redio pia. Subiri nikupe mwingine.”

Anaitoa simu dirishani. Orfilia anaishika kwa mkono uliojaa unga wa muhogo.

“Ndiyo, mwenyewe anaongea. Sema upesi, baba, moto unanisubiri.”

Mwishowe simu inamfikia Teódula. Ni Ledezma, na ofa yake imepanda. Anamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote.

“Tafuta karatasi kubwa ya kuandika namba za simu, mwanangu,” anamwambia. “Mwakani tutakuwa redio tatu, na kila moja ina wenyewe mia.”