Kibao Nilichokifunika kwa Kitenge

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ya mwaka ambao Kombe la Dunia lilichezwa katika nchi hii, ambayo sijaisahau mpaka leo. Nilikuwa bado kijana. Alfajiri niliondoka chumba chetu cha kupanga mtaa wa Bellevue, nikaenda mtaa wa Kensington kufungua duka langu la kwanza. Mandazi yalikuwa yameumuka vizuri, sambusa zimejaa sinia, na juu ya mlango fundi alikuwa ameandika kwa rangi ya buluu: PÂTISSERIE.

Neno hilo nilitoka nalo Lubumbashi. Huko pâtisserie ilikuwa duka lenye kioo kikubwa, na sisi watoto tulibandika pua zetu kwenye kioo tukitazama keki za watu wengine. Nilitamani siku moja niwe upande wa ndani.

Mteja wa kwanza kufika alikuwa Papa Didier, mtu wa kwetu aliyeishi Ubelgiji miaka mingi. Alitazama kibao, akapiga mluzi.

"Ee dada, weye una moyo! Kule Ubelgiji, ukiandika neno hili bila cheti cha ufundi, wanakufungia duka!"

Akacheka, akavuka barabara kununua gazeti.

Mimi sikucheka. Anayeishi katika nchi ya watu hulala na sikio moja wazi. Akisikia "cheti," huamka. Kibali cha duka nilikuwa nacho, lakini ufundi wangu niliupata jikoni kwa mama. Nikapanda kiti, nikafunika kibao kwa kitenge changu, nikafunga mlango. Akiba yangu yote ilikuwa kwenye yale masinia, na vyakula vingechacha humo humo.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mwalimu Consolata, mama Mrundi tuliyesali naye, aliyefundisha Kifaransa kwao Bujumbura.

"Binti yangu, kuna msiba?"

Nikamweleza huku nalia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Umemuuliza nani? Au umejihukumu mwenyewe?"

Akachukua sambusa, akaigeuza mkononi.

"Hili ganda la nje ni nini?"

"Kinyunya, Mwalimu. Unga uliokandwa."

"Wafaransa wanakiita pâte, na neno lako limezaliwa humo. Zamani mafundi wao walifunga nyama na samaki ndani ya kinyunya, wakaoka. Keki tamu zilikuja kutawala baadaye. Pâtisserie ni kazi ya kinyunya, na ni duka linalouza kazi hiyo. Sheria ya Ubelgiji iache Ubelgiji. Hapa utaulizwa kibali na usafi wa mikono. Haya, teremsha hicho kitenge ukivae. Kibao hakisikii baridi!"

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Pumzi niliyoibana tangu asubuhi ikatoka yote.

Nilipofungua mlango, Papa Didier alikuwa amesimama nje na gazeti lake. "Mbona ulifunga? Nilikusifu, dada, sikukufukuza! Nipe sambusa, njaa inaniua."

Basi, mwanangu, wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Neno likikutisha, usikimbilie kufunga mlango. Liulize limetoka wapi, limezaliwa na nini, na amri yake inafika wapi. Mara nyingi utakuta ndani yake kitu ambacho mikono yako inakijua tangu utoto.

Mungu akuinue kama kinyunya kizuri: polepole, mahali penye joto. Na mlango wako ukae wazi.