Chapati Nilizopikia Ukwe Usio Wangu

Pasaka iliisha vizuri, na mama mkwe wangu bado ananicheka. Lakini kwanza nilimfokea mama wa watu.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda ukweni Mahoo. Mume wangu alibaki kazini Voi hadi jioni, nikatangulia na mtoto mgongoni. Mama mkwe nilimjua kwa simu tu. Nikaambiwa, "Tafuta boma lenye tenti."

Nikaliona. Mama mmoja akaniita langoni, "Umechelewa, ingia jikoni!" Nikaingia mbio, maana nilitaka wanipende. Nikamenya viazi, nikakaanga nyama, nikasukuma chapati mpaka mabega yakauma. Zilikuwa laini, sitaficha. Lakini hakuna aliyeuliza hata jina la mtoto, na chai sikupewa!

Walipoanza kula bila kuniita, nikapasuka. Nikatoka na mwiko mkononi, nikamkabili yule mama wa langoni mbele ya wageni wote.

"Mama, hivi ndivyo mnavyompokea mke wa mwanenu?"

Akaweka sahani chini, akanitazama kwa huruma.

"Mwanetu yupi, mwanangu? Sisi tuna mabinti watupu. Kwani wewe si yule mpishi tuliyemwagiza?"