Walifuta Neno, Wakaacha Jina Langu

Chini ya tangazo la msiba wa mama wa rafiki yangu kulikuwa na mstari mmoja ambao nadhani Kagera nzima iliusoma. Uliandikwa "Maoni ya", likafuata jina langu kamili, halafu "yamefutwa kwa sababu ya matusi." Juu kuna picha ya marehemu amevaa sare ya kwaya. Watu wanaandika pumzika kwa amani, pumzika mama, Mungu akupokee. Katikati yao mimi, na matusi.

Jukwaa lenyewe, la mtandaoni, ni la kwetu. Vijana wa hapa hapa Bukoba ndio walilitengeneza, na kila mwenye simu huku yumo. Humo ndimo tunamolia maji yakikatika Bilele, barabara ya Nyanga ikigeuka tope, mnunuzi wa kahawa akija na mzani wake wa miujiza. Kabla yake mtu wa kawaida alikuwa anaongea na ukuta. Mimi nililipenda sana. Ufundi wa pikipiki niliupata kwa kukodolea macho mikono ya wenzangu, na kuandika nilikupata kwa kubishana mle ndani. Na sisemi uongo, walikuwa wameshanifuta mara kadhaa, kwa haki kabisa. Rafiki yangu akiguswa mimi sina breki. Kuna bwana mmoja aliandika kwamba rafiki yangu anauza spea feki, nikamjibu mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Kwa hiyo watu waliposoma "matusi" pembeni ya jina langu, hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Sasa huyo mama. Mama yangu mzazi alienda Mwanza kutafuta maisha, akaniacha Muleba kwa babu, na babu kuanzia mchana alikuwa rafiki wa lubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Nyumba ya jirani ndiko alikokuwa mama wa rafiki yangu. Hakuwahi kuniuliza kama nimekula. Alikuwa anasema tu, "Sogea." Tukimaliza senene aliowakaangia wageni, anatuchapa wote wawili, ufagio uleule, na mimi nilikuwa nafurahi kuchapwa kwa sababu mtoto wa watu huwezi kumchapa hivyo.

Habari ilinikuta gereji, mikono imejaa oili. Nilijifutia kwenye suruali nikaandika, "Pole sana ndugu yangu. Nyoko amenilea na mimi."

Basi. Hayo ndiyo matusi yangu.

Kwa Kihaya nyoko ni mama yako. Hakuna zaidi. Ukikutana na mtu njiani unamuuliza nyoko hajambo, anakujibu anaendelea vizuri. Kwenye Kiswahili cha stendi neno hilohilo ukimwambia mtu, andaa meno yako. Nalijua hilo, nimelitumia vibaya mara nyingi. Lakini siku ile Kiswahili kilianza vizuri kikaishia kwenye "ndugu yangu", na yeye kumwita "mama yako", kama vile namwongelea mama wa mtu mwingine huko, vidole vilikataa. Likaja neno la nyumbani. Mtambo wa jukwaa ukaliona, ukalifuta, ukaweka tangazo lake.

Nilitaka kujibu kwamba jamani siyo hivyo. Simu ikaniambia nimezuiwa kuchangia kwa muda. Nikampigia rafiki yangu, simu inaita mpaka inakata. Nikasema atakuwa na mambo mengi. Kesho yake nikawasha pikipiki na nguo zilezile za gereji nikaenda Muleba, maana nilichokuwa nataka ni kimoja tu: nisimame na watoto wake kaburini, nitupe udongo zamu ya watoto, siyo zamu ya majirani.

Baba mdogo wa rafiki yangu alinidaka pale kibanja kinapoanza, hata migomba ya kwanza sijaivuka.

"Wewe. Unaenda wapi?"

"Shikamoo baba mdogo. Naenda kumzika mama."

"Mama yupi? Yule uliyemtukana kwenye simu?"

"Sikumtukana."

"Binti yangu ameniletea picha ya hiyo simu. Jina lako lipo, au mmezaliwa wawili?"

"Jina ni langu, waitu, mzee wangu, lakini nilichoandika siyo tusi."

"Haya, nionyeshe ulichoandika."

Nikafungua simu. Nikashusha, nikapandisha. Hakuna kitu. Kuna jina langu na hukumu, ushahidi wameula. Vijana waliokuwa wanachimba kaburi wakawa wametua majembe wanatuangalia. Mmoja nilimsikia, "Huyo si ndiye wa matusi? Sasa leo amekuja kumalizia?" Wakacheka chinichini.

Hapo ningeweza kusema taratibu. Yule mzee ni Mhaya, ningemwambia kwa sauti ya chini kwa Kihaya yakaisha. Lakini kile kicheko kilinipanda kichwani, na mimi nikipandwa nakuwa spika ya mnadani.

"Nimeandika nyoko!" nikapiga kelele. "Nyoko! Nyoko amenilea! Kosa liko wapi?"

Kulikuwa na wageni kutoka Dar na Mwanza, wafanyakazi wenza wa binti wa marehemu, wamekaa kwenye viti vya plastiki. Hao Kihaya hawajui. Walichosikia ni kijana mwenye nguo za oili anaporomosha tusi la mama penye msiba wa mama. Mama mmoja aliweka mkono mdomoni. Katekista akasimama. Ndani, wanawake waliokuwa wamekaa kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni wakanyamaza wote kwa mara moja, na mimi nikalisikia lile neno langu linavyosikika kwa wale wageni. Nilitamani ardhi ile iliyochimbwa inipokee mimi kwanza.

Rafiki yangu akatoka. Macho mekundu. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko.

"Ulichoandika ni hicho tu?"

"Ni hicho tu."

"Nyoko amenilea."

"Na mimi. Niliweka 'na mimi' mwishoni."

Akakaa kwenye gogo. "Nilikuwa nimeamini," akasema. "Nilijua labda una hasira na mimi kwa ile spana yako niliyoipoteza. Nikasema kichaa wangu amepitiliza. Simu yako niliiona, nikaiacha iite."

Huyu ni mtu ambaye nimepigana kwa ajili yake hadi jino likalegea. Niliona aibu, na siyo ya kutukana maana sikutukana. Niliona aibu kwamba mtu anayenijua kuliko wote aliposikia nimemtukana marehemu mama yake, alijiuliza sababu tu, hakujiuliza kama ni kweli.

Udongo nilitupa. Alinivuta akaniweka kati yake na dada yake, baba mdogo akageuza uso. Wageni walinitazama mimi badala ya kaburi. Mama yule hakustahili kuzikwa huku watu wanaangalia pembeni.

Tulipomaliza nikarudi Bukoba, moja kwa moja mtaa wa Bakoba kwa kijana anayeendesha lile jukwaa. Nilienda kupigana, sifichi. Nikamkuta chumbani na kompyuta yake na sahani ya mihogo. Yeye ni mtoto wa mjini, ukoo wake ulikuja zamani kutoka pwani, Kihaya anajua cha sokoni tu.

"Kaka, karibu mihogo."

"Sitaki mihogo. Kwa Kihaya, nyoko ni nini?"

Akaacha kutafuna. "Si tusi?"

"Kamuulize bibi yeyote hapo nje anayeuza ndizi."

Kweli akatoka. Akarudi amenywea. "Wallahi sikujua. Bibi amenijibu, halafu akaniuliza wa kwangu hajambo."

Ningecheka siku nyingine. Nikamwambia yaliyotokea Muleba. Akasema hapa kuna watu wanatukana vibaya, hasa wanawake wakiongea siasa wanavamiwa, wakaogopa kuandika, ndiyo maana akaweka ule mtambo. Nikamwambia hilo nakubali, na baadhi ya hao wavamizi ni mimi. Lakini ukimlinda mmoja aongee kwa kumkaba mwingine asijibu, bado kuna mtu umemnyamazisha.

"Sasa ulitaka nifanye nini?"

"Uniulize kwanza. Uniambie neno hili linatatiza, ulimaanisha nini. Ukinifuta, nipe sehemu ya kujitetea, palepale waliponisoma. Na asome mtu anayejua lugha ya watu, siyo mashine. Na ile kitu yako ya kuandika majina! Umefuta neno, jina umeliacha linaning'inia. Bora ungefuta jina ukaacha neno, watu wangejihukumia wenyewe."

Alinisikiliza, nampa sifa hiyo. Siku hizi ukiandika neno la namna hiyo linakuuliza kabla, na hukumu haina jina la mtu. Amewapata watu wa Kihaya wa kumsaidia kusoma. Maoni yangu aliyarudisha, na chini akaandika kwamba jukwaa lilikosea. Lakini lile tangazo lilikuwa limeshazama chini ya habari nyingine. Waliosoma tusi walikuwa wengi, waliosoma samahani ni mimi na yeye.

Siku ya kuanua matanga rafiki yangu akasema nitaongea kwa niaba ya watoto. Baba mdogo alikohoa tu, hakupinga. Nikasimama. Mimi, ambaye kuninyamazisha huwa kunahitaji watu wawili. Wageni wa mbali hawakuwepo, nyumba nzima ni Wahaya watupu, hakuna ambaye angelisikia vibaya. Nikamgeukia rafiki yangu nimwambie ile sentensi, mbele ya watu wote, iishe. Neno likafika kwenye ulimi, nikamkumbuka yule mama aliyeweka mkono mdomoni, likarudi.

"Mama yenu," nikasema kwa Kiswahili cha shuleni, "alikuwa mtu mzuri."

Nikakaa. Bibi mmoja akamuuliza jirani yake, bila hata kushusha sauti, "Huyu ni wa wapi?"